Moto wa Nyika: Kulinda Boma kwa Jembe, Udongo na Mifugo Yenyewe



Masika yakiwa mazuri kila mtu hufurahi. Ng'ombe wananenepa, vibuyu vinajaa maziwa, na nyasi zinafika magotini, mahali pengine kiunoni. Nyasi hizo hizo zikikauka, kuanzia Julai hadi mvua za vuli zinapoanza, ndizo zinazobeba moto. Mwaka wa ukame mkali moto huwa mdogo, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuungua. Mwaka wa kuogopa ni ule ambao mvua ilikuwa nzuri. Wazee wa Monduli, Longido, Simanjiro na Kiteto wanalijua jambo hili, lakini mabomani bado tunalisahau, kwa sababu mwaka wa neema hatuna mawazo ya hatari.

Somo hili ni la watu wote wa boma. Ni la baba na la vijana wachungaji, lakini zaidi ni la wale wanaobaki nyumbani mchana: akina mama, bibi na babu, na watoto wadogo. Moto hauangalii nani yupo, na mara nyingi hufika wakati wenye nguvu wako malishoni au wamepeleka mifugo majini. Kazi zinazoelezwa hapa hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji jembe, fyekeo, udongo, samadi mbichi, madumu ya maji na mifugo yenyewe.

Boma huungua vipi

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Agosti, niliitwa kutibu mifugo katika boma moja baada ya moto kupita. Moto ulianzia mbali, kwenye shamba lililokuwa likisafishwa kwa kuchomwa. Wanawake na watoto walipambana nao kwa matawi mabichi, ukazimika hatua chache nje ya uzio. Wakashukuru, wakanywa chai, jioni wakalala. Usiku wa manane uzio wa miiba ukawaka. Mchana ule cheche ilikuwa imeangukia kwenye lundo la samadi kavu karibu na lango, ikafukuta saa nyingi bila mtu kuiona, upepo wa usiku ukaiamsha. Boma lilikuwa na lango moja tu, na ndipo moto ulipoanzia. Watu walitoka wote kwa kuvunja uzio upande wa pili. Ndama na watoto wa mbuzi waliofungiwa kibandani hawakutoka. Mama mwenye boma aliniuliza moto ule wa pili ulitoka wapi, maana ule wa kwanza waliuzima kwa mikono yao wenyewe.

Nimeeleza habari hii kwa sababu ndani yake mna jibu la swali kubwa: boma huungua vipi? Wengi wetu tunaogopa ule ukuta wa moto unaoonekana kwa mbali. Lakini moto wa nyasi hupita haraka. Mahali pamoja huwaka kwa muda mfupi tu, kisha nyasi zimekwisha na moto umesonga mbele. Ukuta wa udongo uliokandikwa vizuri unaweza kustahimili joto la muda huo. Kinachomaliza nyumba ni cheche zinazorushwa na upepo, na moto mdogo unaotambaa kwenye majani makavu hadi unagusa kitu: uzio, paa, kuni, samadi, gunia. Watafiti wa Marekani na Australia waliochunguza nyumba zilizoungua katika moto wa nyika na misitu wamekuta hivyo hivyo huko kwao. Nyumba nyingi zilishika moto kutokana na cheche, au kutokana na vitu vilivyowaka karibu kabisa na ukuta.

Hii ni habari njema kwa mtu asiye na fedha. Maana yake ni kwamba si lazima ufyeke nyika nzima. Sehemu inayoamua kama boma litapona ni ile ndogo inayoanzia ukutani hadi hatua chache nje ya uzio, na hiyo iko mikononi mwako.

Tatizo la olopololi

Hapa pana ugumu ambao vitabu vingi vya kuzuia moto havijui. Vinasema: ondoa nyasi ndefu karibu na nyumba. Lakini mfugaji huacha kwa makusudi nyasi ndefu karibu na boma. Ndiyo olopololi, malisho ya akiba ya ndama, wagonjwa na ng'ombe waliozaa karibuni. Olopololi ikiisha Agosti, ndama watakula nini Oktoba? Hakuna mama atakayekubali tuifyeke, na mimi simshauri.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. La kwanza ni kuanza kulisha olopololi kutoka upande wa boma. Katika maboma mengi ndama hupelekwa kwanza kwenye nyasi nzuri za mbali kidogo, na zile zinazogusa uzio zinabaki za mwisho. Geuza utaratibu huo. Tangu nyasi zinapoanza kubadilika rangi, mwezi Juni, ndama wale kwanza ukanda ulio karibu na boma, mpaka nyasi zibaki fupi kama kidole. Kisha wasogee nje polepole. Kila wiki inayopita, moto unazidi kuwa mbali na nyumba, na akiba bado ipo. Hakuna kilichopotea hapo. Nyasi ni zile zile, umebadilisha mahali pa kuanzia.

La pili ni kuigawa olopololi. Pitisha njia ya mifugo katikati yake, na kila asubuhi kundi kubwa lipite humo likienda malishoni. Baada ya wiki chache njia hiyo itakuwa vumbi tupu. Moto ukiingia upande mmoja, una nafasi ya kuishia hapo, na nusu ya pili ibaki kwa ajili ya ndama. Njia ya upana wa hatua tatu inaweza kuzuia moto mdogo usio na upepo. Kwa moto wenye upepo ifanye pana zaidi, na usiitegemee peke yake bila watu wa kulinda.

Duara la ardhi tupu

Toka nje sasa, usimame ukiwa umeupa mgongo ukuta wa nyumba. Piga hatua mbili kubwa. Katika eneo hilo, kuzunguka nyumba yote, pasiwe na kitu chochote kinachoweza kuwaka: nyasi, kuni, maganda ya mahindi, magunia, ngozi iliyoanikwa, mabua, wala godoro la zamani. Iwe ardhi tupu, iliyofagiliwa. Kama ukitaka kufanya kazi moja tu kati ya zote za somo hili, fanya hii.

Sasa endelea mpaka nje ya uzio, hesabu hatua kumi zaidi. Hapo nyasi zisipite urefu wa kifundo cha mguu. Kazi hii waachie mifugo. Mwishoni mwa masika, badala ya kutoa kundi kwa njia moja kila siku, litolewe leo upande wa mashariki, kesho kusini, na jioni lipumzike nje ya uzio kabla ya kuingizwa. Kwato hufanya kwa siku kumi kazi ambayo fyekeo haliwezi kufanya kwa mwezi. Mbuzi watamaliza vichaka. Punda afungwe kwa kamba ndefu mahali penye nyasi ngumu ambazo ng'ombe wameziacha. Sehemu zitakazobaki ndizo za kufyeka kwa mkono, nazo si nyingi.

Upande unaotoka upepo wa kiangazi uwe mpana zaidi, hata mara mbili. Katika nyanda zetu upepo wa miezi hiyo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, ila kila bonde lina tabia yake, na wewe uliyejenga hapo unaijua. Kama boma liko kwenye mteremko, ogopa upande wa chini. Moto unaopanda kilima hukimbia, kwa sababu ndimi zake zinazikausha nyasi zilizo juu kabla hazijafikiwa. Ule unaoshuka huenda taratibu.

Wengine wataniuliza: kwa nini tusichome tu ukanda huo? Sitasema wazee walikosea. Wafugaji wamechoma nyika tangu zamani, ili kupunguza kupe na kupata machipukizi. Walichoma mapema, vipande vipande, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, moto ukiwa mdogo na wenye kujizimia. Shida ni moto wa Septemba, siku ya upepo, unaowashwa na mtu mmoja ambaye hakumwambia jirani. Huo unakula malisho ya vijiji vitatu, na vuli ikichelewa mifugo haina hata nyasi kavu za kutafuna.

Kama kijiji kimeamua kuchoma ukanda wa kinga, omba kwanza kibali kwa serikali ya kijiji na uwajulishe majirani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina adhabu kwa anayewasha moto nyikani bila idhini. Safisheni kwanza mistari miwili iliyo tupu, mchome katikati yake jioni upepo ukitulia, mkiwa na watu wengi na maji. Msiondoke mpaka majivu yamepoa. Kwa kinga ya boma moja, hata hivyo, naona kulisha ni bora kuliko kuchoma. Nyasi zinaingia tumboni mwa ng'ombe.

Nyumba

Nyumba ya fito, udongo na samadi, inayojengwa na akina mama wa Kimasai, si dhaifu mbele ya moto kama wengi wanavyodhani. Udongo hauwaki. Kinachowaka ni fito, pale udongo ulipopasuka au kudondoka. Kila Juni zunguka nyumba ukiangalia nyufa, hasa chini ukutani na pale ukuta unapokutana na paa. Mahali kidole kinapoingia, cheche itaingia. Ziba kwa udongo uliochanganywa na samadi mbichi na majivu, kama mnavyofanya kabla ya mvua. Tofauti ni kwamba sasa kazi inafanyika mara mbili kwa mwaka.

Siku hizi nyumba nyingi zina karatasi la nailoni katikati ya tabaka za paa ili zisivuje. Ni jambo zuri wakati wa mvua, lakini nailoni huyeyuka, ikidondoka inawaka na kuunguza ngozi vibaya. Hakikisha imefunikwa kwa udongo mnene, na ncha zake zisining'inie nje.

Paa la nyasi ndilo gumu kulilinda. Kama huna uwezo wa kuezeka mabati, kandika ukingo wote wa chini wa paa kwa udongo na samadi, kwa upana wa mkono mmoja, kwa sababu hapo ndipo moto wa chini hupandia. Usiegemeze kuni wala mabua. Mwenye mabati naye asilale usingizi. Chini ya mabati ndege hujenga viota na upepo hujaza majani. Safisha, kisha ziba matundu ya pembeni kwa udongo.

Mabua na nyasi za kulishia zikae mbali, angalau hatua ishirini kutoka nyumbani, upande ambao upepo hautaleta moto wake kwako. Petroli ya pikipiki isikae ndani ya nyumba wanamolala watu, hata ikiwa chupa moja ya soda. Nimeona chupa hizo zimepangwa kando ya kitanda, hatua tatu kutoka mafigani.

Na tusisahau moto wetu wenyewe. Majivu yanayotolewa jikoni alfajiri yanaweza kuwa na kaa hai hadi siku ya pili. Usiyamwage nyuma ya nyumba. Chimba shimo, yamwage humo na kuyafunika kwa udongo au kuyamwagia maji. Wachungaji wanaochoma nyama au kupika chai malishoni wafanye hivyo hivyo, na mrina asali asiache mwenge ukifuka chini ya mti.

Uzio na lango

Uzio wa miiba unazuia fisi na simba, lakini ukikauka ni kuni zilizopangwa kuzunguka watoto wako. Hatuwezi kuuondoa. Tunaweza kuusogeza na kuupunguza. Nyumba isiguse uzio. Kuwe na nafasi ambayo watu wawili wanaweza kupishana, iliyofagiliwa. Ng'oa nyasi zinazoota ndani ya miiba, maana hizo ndizo huutia moto. Miiba ya zamani iliyooza chini iondolewe kabla ya kuongeza mipya juu, badala ya kurundika kila mwaka mpaka uzio unakuwa mnene kama nyumba.

Polepole, badilisha sehemu za uzio ziwe za miti hai. Osilalei hushika ukikata matawi na kuyachimbia mvua zinapoanza. Minyaa nayo hushika vizuri, ila utomvu wake ni hatari sana kwa macho, kwa hiyo watoto wasiichezee. Mti ulio hai una maji ndani yake na hauwaki upesi. Anza na upande wa upepo, hatua kumi mwaka huu, kumi mwaka ujao.

Boma kubwa la kimila lina malango kadhaa, kila mwenye familia na lango lake. Maboma madogo ya siku hizi mara nyingi yana lango moja. Tengeneza la pili, upande wa pili kabisa. Si lazima liwe la mbao. Linaweza kuwa tawi kubwa la mgunga lililozibwa mahali pake, mradi mama au mtoto wa miaka kumi aweze kulivuta peke yake. Mjaribishe mtoto huyo leo. Kama hawezi, tawi ni kubwa mno.

Kibanda cha ndama nacho kiwe na mlango unaofunguka kwa nje bila fundo gumu la kamba. Usiku, katika moshi, hakuna anayefungua fundo.

Samadi

Samadi kavu haiwaki kwa ndimi kubwa. Inafukuta ndani kwa ndani kwa siku nyingi, na ukimwaga dumu moja la maji juu yake, juu panapoa na ndani panaendelea. Wafugaji wanaijua tabia hiyo, kwani ndiyo maana huiwasha jioni kufukuza nzi na mbu. Kwa hiyo kabla ya Julai, samadi ya miaka iliyopita itolewe zizini na kuwekwa mbali na uzio, au itolewe kwa wakulima, ambao wengi wanaitafuta. Kama samadi imeshika moto, usiimwagie maji tu. Ivunje kwa chepe na kuitandaza kwenye ardhi tupu, kisha ndipo umwage maji na kuikoroga mpaka unaweza kuigusa kwa mkono.

Vifaa vilivyopo tayari

Maji ni shida kiangazi, najua. Usiweke pipa la maji ya moto huku watoto wana kiu. Weka madumu mawili ya lita 20 ambayo ndiyo ya mwisho kutumika, na yajazwe kila punda wanaporudi kutoka majini. Weka na magunia mawili ya katani au ya pamba. Gunia lililolowa hupiga moto wa nyasi vizuri, na hunywa maji kidogo.

Pampu ya mgongoni unayotumia kunyunyizia dawa ya kupe ni kifaa bora kuliko vyote. Lita 15 zinazotoka kama mvua nyembamba huzima nyasi nyingi kuliko lita 15 zilizomwagwa kwa ndoo. Lakini ioshwe mara tatu na mpira wake upitishwe maji safi, kwa sababu dawa ya kupe ikipulizwa kwenye moto, moshi wake ni sumu. Mwezi Julai ijaribu. Mara nyingi utakuta mpira umepasuka tangu uogeshaji uliopita.

Ongeza chepe, fyekeo, tochi, na filimbi moja itundikwe mahali panapojulikana. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Gari lao liko mjini na linaweza kuchukua muda mrefu kufika, lakini piga simu mapema, na piga pia kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Moto ukionekana

Mkikaa jioni moja, mgawane kazi kwa majina. Nani anabeba mtoto mchanga? Nani anamshika mkono bibi? Nani anafungua ndama, na nani anapiga filimbi? Mtu mmoja asiwe na kazi mbili. Chagueni mahali pa kukutania: karibu na josho, kando ya lambo, kwenye barabara pana au uwanja wa chumvi, mahali pasipo na nyasi. Korongo jembamba lenye nyasi na vichaka si mahali salama, kwani moto hupanda humo kama moshi kwenye bomba.

Moshi ukiwa bado mbali, wazee, watoto, wajawazito na ndama waondoke kwanza, kwa kukwepa pembeni mwa njia ya moto, si kwa kukimbia mbele yake wala kwa kupanda kilima. Usifungie mifugo zizini ukidhani uzio utaikinga. Fungua malango yote na uwaswage kwenda ardhi tupu. Ng'ombe aliyeogopa huweza kurudi zizini alikozoea, kwa hiyo akishatoka ziba lango nyuma yake.

Wanaobaki kuzima wavae nguo za pamba au sufu. Mashuka mengi ya sasa si pamba, na kitambaa kinachoyeyuka hushika kwenye ngozi. Ndala za plastiki nazo huyeyuka. Katambuga ni afadhali. Funika pua kwa kitambaa kilicholowa. Msiusimamie moto usoni. Ushikeni kutoka mkiani na mbavuni, mkiwa mmesimama upande ulioungua tayari, na msonge mbele taratibu. Tawi au gunia lishushwe na kukandamizwa chini, lisinyanyuliwe juu kwa nguvu, maana hapo unarusha cheche kwa jirani. Kama ndimi zimezidi kimo chako, acha. Rudini kwenye duara lenu, mlinde nyumba, na ikibidi mwondoke. Nyumba ya udongo hujengwa tena.

Ukizingirwa, tafuta mahali ambapo ndimi ziko chini, vuka haraka kuingia eneo lililoungua. Kama haiwezekani, lala kifudifudi kwenye ardhi tupu kabisa, ujifunike blanketi la sufu au udongo.

Aliyeungua mwagiwe maji safi yasiyo baridi sana yakitiririka kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe zahanati. Usipake samadi, samli, mafuta ya kula wala dawa ya meno. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuingiza uchafu.

Moto ukishapita

Hapa ndipo boma lile nililolieleza lilipopoteza ndama. Kwa saa ya kwanza zungukeni bila kupumzika: paa, uzio, kuni, samadi, magunia, chini ya vitanda vya nje, ndani ya mashina yaliyooza. Baada ya hapo zungukeni kila saa mpaka jioni. Usiku huo watu wawili wakeshe kwa zamu, kama mnavyokesha simba akiwa karibu. Usiku wa pili pia, kama kulikuwa na samadi au magogo yaliyowaka. Weka kiganja karibu na kitu unachokishuku. Joto litakuambia kabla ya moshi.

Mifugo iliyoungua

Mnyama anaweza kutembea vizuri siku ya moto, kisha baada ya siku chache, hata wiki, akaanza kuchechemea. Angalia pale ukwato unapoungana na ngozi. Pakivimba, pakitoa majimaji au pakianza kuachana, mnyama huyo asiswagwe mbali. Apewe maji na majani pale alipo, kivulini, juu ya ardhi laini. Mnyama aliyevuta moshi mwingi hukohoa na kupumua kwa shida siku zinazofuata, na akikimbizwa anaweza kufa. Vidonda visafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, na vikingwe dhidi ya nzi. Mwite mtaalamu wa mifugo mapema kuamua nani atibiwe na nani achinjwe, kwa sababu kuchelewa uamuzi huo ni kumtesa mnyama bure.

Ng'ombe aliyeungua kiwele na chuchu atamkataa ndama kwa maumivu. Ndama hatakufa kwa moto, atakufa kwa njaa siku ya tatu. Mpe maziwa ya ng'ombe mwingine kwa chupa, na mkamue mama taratibu ili kiwele kisipate ugonjwa. Akichomwa sindano ya antibiotiki, uliza ni siku ngapi maziwa yake yasinywewe na watu, na uzihesabu kwa uaminifu.

Mvua ikinyesha, mahali palipoungua patakuwa pa kwanza kuwa kijani, na ng'ombe watavutwa huko. Wazuie mpaka majani yafike urefu wa kiganja. Yakiliwa yakiwa machanga, mizizi iliyochoka hufa, na mwakani hapo pataota magugu. Wakati huo lisha ile nusu ya olopololi iliyopona.